Nani Ana Ruhusa ya Kufuta?

Katika vyumba vya uhariri vya televisheni, saa moja na nusu usiku ni saa ya kutafutana. Picha za mchana zimeshatolewa kwenye kadi za kamera, taarifa ya habari ya saa mbili imebakiza nusu saa, na mhariri anapofungua mradi wake anakuta skrini imegeuka nyekundu, maandishi yakimwambia faili halipatikani. Faili lipo, ila limo ndani ya diski ya nje ambayo mwenzake aliichomoa akaenda nayo chumba cha pili kumalizia kipindi cha michezo. Karaha ya namna hii ndiyo iliyoleta hifadhi za pamoja, yaani mitambo ya diski inayowawezesha wahariri kumi, au hata mia, kufanyia kazi picha zilezile bila kupokezana kifaa mkononi. Aina zake ni nyingi, na wauzaji huzipanga kwa kasi na kwa ukubwa. Mimi nashikilia kwamba mpangilio huo unaficha jambo lililo kubwa zaidi. Kila aina ya hifadhi imekwishaamua, ndani ya ujenzi wake, ni nani mwenye amri juu ya faili: nani aandike, nani asome tu, nani aweze kufuta, na mambo yakiharibika nani aulizwe. Kituo kinachonunua mtambo kabla hakijalijibu swali hilo kinaweza kujikuta kinaununua mara mbili.

Kasi nayo ina haki yake, kwa hiyo tuipigie hesabu kwanza. Kamera nyingi za habari hurekodi kwa mfumo wa XDCAM wa megabiti 50 kwa sekunde. Gawanya kwa nane, unapata megabaiti 6.25 kila sekunde, au gigabaiti 22.5 kwa saa. Waya wa kawaida wa mtandao wa ofisini, ule wa gigabiti moja, hupitisha kiasi cha megabaiti 110 kwa sekunde, hivyo wahariri watano, kila mmoja akiwa na picha mbili au tatu zinazokwenda kwa pamoja, wanaweza kuugawana bila kugombana. Sasa badilisha aina ya picha. Picha za 4K zilizohifadhiwa kwa ProRes 422 HQ, fremu 25 kwa sekunde, zinataka megabiti 737, ambazo ni megabaiti 92. Mkondo mmoja tu wa mhariri mmoja umekaribia kuujaza waya uleule, na saa moja ya picha hizo inakula zaidi ya gigabaiti 330. Diski nayo ina udhaifu wake. Diski ya kuzunguka husoma megabaiti 200 kwa sekunde, au hata zaidi, ikiwa inafuata faili moja refu kwa mfululizo. Watu kumi wakiomba mafaili kumi tofauti, kichwa chake cha kusomea hulazimika kurukaruka kutoka sehemu moja hadi nyingine, kila mruko ukila karibu milisekunde 10, na kasi inaporomoka wakati hasa kazi imepamba moto.

Dawa ya udhaifu huo iliandikwa mwaka 1988, pale David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipotoa makala yao kuhusu RAID: funga pamoja diski nyingi za bei nafuu, sambaza data juu ya zote, kisha weka hesabu ya ziada itakayoweza kurudisha kilichokuwa kwenye diski iliyokufa. Hifadhi za pamoja zinazouzwa leo zimesimama juu ya wazo hilo au juu ya mawazo yaliyozaliwa nalo. Ni wazo zuri, na ubora wake umewalaza watu wengi usingizi. Diski ya terabaiti 16 ikifa, kuujaza mbadala wake kwa megabaiti 200 kwa sekunde kunachukua saa 22, tena kama mtambo haufanyi kazi nyingine yoyote, na kituo cha televisheni hakina siku ya namna hiyo. Muda wote huo diski zilizobaki, ambazo aghalabu zilinunuliwa siku moja na iliyokufa, zinafanyishwa kazi kuliko kawaida. Na hata zikivuka salama, RAID inakinga kufa kwa chuma tu. Mkono wa mtu haiuzuii. Ukifuta folda, mtambo unaifuta kwenye diski zote kwa utiifu uleule uliotumika kuihifadhi.

Tuziangalie basi aina zenyewe kwa jicho hilo la amri. Kongwe kuliko zote ni diski iliyochomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta ya mhariri. Hapo amri ni ya mwenye diski, na kwa mtu mmoja anayehariri filamu yake peke yake sioni mpango ulio bora. Matatizo huanza anapokuja wa pili. Picha zinanakiliwa, nakala inanakiliwa tena, na baada ya mwezi kuna folda tatu za mahojiano yaleyale, mojawapo ikiwa imesharekebishwa sauti, na hakuna anayeweza kuapa ni ipi.

Kisha kuna mbili ambazo mafundi huziita NAS na SAN. NAS ni kama duka la mtaani: mteja anasimama kaunta, anataja anachotaka, na mwenye duka anakwenda rafuni na kumletea. SAN ni kama bohari: mtunza daftari anakupa namba ya rafu, halafu unaingia mwenyewe kubeba mzigo. Katika NAS, seva ndiyo yenye mpangilio wote wa mafaili, na kompyuta za wahariri huomba faili kwa jina lake kupitia kanuni kama NFS, iliyotolewa na Sun Microsystems mwaka 1984, au SMB inayotumiwa na Windows. Kwa kuwa kila ombi linapita mlango mmoja, seva inajua nani amefungua nini, na ruhusa zinasimamiwa mahali pamoja. Gharama yake ni foleni mlangoni. Katika SAN, kila kompyuta inaziona diski za pamoja kana kwamba ni zake mwenyewe, kwa kawaida kupitia nyaya za faiba, na kasi yake ni ya uhakika. Lakini kompyuta mbili zinazoamini kwamba diski moja ni mali yao zitaandika kila moja pale inapodhani ni patupu, na kwa muda mfupi mafaili yote yatakuwa yamevurugika. Ndiyo maana SAN ya kazi za video haiwezi kwenda bila msimamizi, kompyuta ya pembeni inayoelekeza kila mmoja faili liko wapi na nani ana zamu ya kuandika. Kampuni ya Avid ilileta mtambo wa namna hii, Unity, mwishoni mwa miaka ya 1990, na Apple wakatoa Xsan mwaka 2005 kwa bei ambayo hata studio za kati ziliweza kuifikia. Msimamizi akianguka, chumba kizima kinasimama ingawa diski zote ni nzima, na kompyuta moja yenye toleo lisilooana la programu inaweza kuwatesa waliobaki. SAN, kwa maneno mengine, inagawa imani kwa kila kiti cha chumba. NAS inaiweka imani hiyo kwa seva.

Kwa miaka mingi jibu la wenye kazi nzito lilikuwa SAN, kwa sababu mlango wa NAS ulikuwa mwembamba. Leo waya wa gigabiti 10 ni kitu cha kawaida, swichi za gigabiti 25 na 100 zipo sokoni, na NAS inaweza kujengwa kwa seva nyingi zinazofanya kazi kama moja, hivyo mlango unapanuka kadiri wahariri wanavyoongezeka. Sababu ya kuvumilia ugumu wa SAN imebaki kwa wachache, kwa mfano wanaosahihisha rangi za filamu zisizobanwa kabisa. Kituo cha habari hakimo katika kundi hilo.

Juu ya diski na nyaya kuna tabaka jingine ambalo wanunuzi hulisahau, nalo ni programu ya kuhariria. Anayetumia Avid Media Composer kwenye hifadhi ya pamoja huona alama ndogo ya kufuli kwenye kila bini, yaani kila kasha la picha na mikato ya mradi. Likiwa la kijani, bini ni lake kwa wakati huo na anaweza kuandika. Likiwa jekundu, mwenzake amemtangulia, hivyo anaweza kutazama na kuchukua mikato, ila hawezi kugusa kilichomo. Kufuli hilo haliongezi kasi hata chembe. Kinachofanyika ni kwamba maafikiano ya chumba yamewekwa ndani ya programu, ili mtu aliyechoka saa tano usiku asiweze kuyavunja hata bila kukusudia. Pasipo kufuli la namna hiyo, wahariri wawili hufungua mradi mmoja, wa kwanza anahifadhi, wa pili anahifadhi juu yake, na saa mbili za kazi ya wa kwanza zinapotea bila onyo lolote. Kabla ya kuuliza mtambo una kasi gani, muulize muuzaji nini hutokea watu wawili wakihifadhi mradi mmoja ndani ya dakika moja.

Mfano mkubwa wa amri iliyoachwa wazi ulitokea kwa watu wenye akili nyingi na vifaa bora. Mwaka 1998 studio ya Pixar, California, ilikuwa ikitengeneza filamu ya katuni Toy Story 2, na mafaili ya filamu yalikaa kwenye hifadhi ya pamoja. Mtu akatoa amri ya kufuta mahali pasipostahili, na amri ikaanza kupita folda moja baada ya nyingine. Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wa Pixar, ameeleza jinsi kofia ya Woody, mhusika mkuu, ilivyotoweka, kisha viatu vyake, kisha Woody mwenyewe. Mpaka mashine zinazimwa, asilimia 90 hivi ya filamu ilikuwa imekwenda. Wakageukia nakala za akiba, wakakuta hazikuwa zikifanya kazi sawasawa, na hakuna aliyelijua hilo mpaka zilipohitajika. Kilichowaokoa ni kwamba Galyn Susman, msimamizi wa kiufundi wa filamu hiyo, alikuwa amejifungua siku za karibuni na alifanyia kazi nyumbani, ambako kompyuta yake ilikuwa na nakala. Ikafungwa kwa mablanketi, ikaletwa ofisini kwa gari, na filamu ikatoka Novemba 1999.

Wengi husimulia kisa hiki kama habari ya bahati. Mimi nakisoma kama ushahidi. Hapakuwa na diski iliyokufa wala waya uliokatika, na mtambo wa kasi zaidi ungefuta haraka zaidi. Kilichokosekana ni mpaka wa kumzuia mtumiaji wa kawaida asifikie mzizi wa filamu nzima, pamoja na mtu mwenye wajibu wa kujaribu kurejesha nakala za akiba kabla ya siku ya shida. Tena nakala iliyopona ilipona kwa sababu moja tu: ilikuwa nje ya mkono uleule. Nakala iliyo kwenye mtambo huohuo, au kwenye mtambo wa pili unaofuata wa kwanza kila dakika, inafikiwa na amri ileile ya kufuta.

Mfano mwingine ni wa taasisi iliyolifahamu tatizo, ikatumia fedha nyingi, na bado ikashindwa. BBC ilianzisha mradi wa kuachana na kanda, ulioitwa Digital Media Initiative, ili mfanyakazi aingize picha, azihariri na azitafute kwenye kumbukumbu akiwa kwenye meza yake. Mwaka 2008 Siemens walipewa mkataba wa pauni milioni 79. Mwaka uliofuata mkataba ukavunjwa na BBC ikachukua kazi yenyewe, na Mei 2013 Mkurugenzi Mkuu Tony Hall akausimamisha mradi wote. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilieleza mwaka 2014 kwamba hasara halisi ilikuwa pauni milioni 98.4, na kwamba usimamizi ulitazama zaidi teknolojia kuliko mabadiliko ya namna watu wanavyofanya kazi. Sehemu ya kumbukumbu iliyowafikia wafanyakazi ilionekana ya taratibu kuliko mfumo wa miaka 40 iliokusudiwa kuuondoa. Aprili 2013, Waziri Mkuu wa zamani Margaret Thatcher alipofariki, iliripotiwa kwamba kanda za picha zake zilibebwa kwa mikono kuvuka London.

Kuna atakayesema kwamba ule ulikuwa uzembe wa mkataba na programu mbovu, na kwamba hauhusiani na madaraka ya chumba cha uhariri. Programu ilikuwa na kasoro, nakubali. Lakini nionavyo mimi, maswali ya picha iingizwe na nani, ipewe jina na nani, na baada ya kipindi kurushwa iwe chini ya nani hayakumalizwa kwanza na watu wenyewe, na programu ilitarajiwa kuwaamulia. Hakuna mtambo unaoweza kupatanisha idara ambazo hazijazungumza.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanaosema mjadala wote huu umepitwa na wakati, kwa kuwa hifadhi ya wingu imeumaliza. Amazon walifungua huduma yao ya S3 mwaka 2006, na tangu 2020 wana kituo Cape Town, hivyo hata umbali umepungua. Siipingi hifadhi ya wingu kwa nakala ya pili, wala kwa waandishi walio mikoani wanaotuma picha ndogo zilizobanwa. Napinga kuifanya iwe ghala la kila siku la vituo vyetu vya Afrika Mashariki. Terabaiti moja, ikipandishwa kwa intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde, inachukua siku nne na nusu. Kuingiza data kwa kawaida ni bure, kuitoa kuna ada, na ikiwa, kwa mfano, ni senti 9 za dola kwa gigabaiti, kuchukua terabaiti 10 za kumbukumbu zako mwenyewe ni dola 900. Halafu kuna bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko siku kadhaa. Kituo ambacho picha zake zote ziko ng'ambo kingeshindwa kufungua hata picha ilizopiga kamera yake asubuhi ile. Na suala la amri haliondoki, linahamia kwenye mkataba wa mwenye seva na kwa yule mmoja ofisini anayeshika nywila na kulipa ankara.

Wengine husema ni fedha tu, na kwamba kituo kidogo cha Mwanza au Kisumu hakiwezi kuwa na mpango wa namna hii. Hesabu inaonyesha vingine. Kwa habari za megabiti 50, NAS moja ya kiasi yenye diski nane na waya wa gigabiti 10 inawatosha wahariri wengi kuliko walioajiriwa, na gharama yake inaweza kulingana na utitiri wa diski za nje zinazonunuliwa mojamoja na kupotea kimyakimya. Kwa picha nzito, tengeneza nakala nyepesi za kuhariria na uziunganishe na zile kubwa mwishoni. Kwa nakala ya nje ya mkono, kanda ya sumaku ya LTO bado haina mpinzani. Toleo la tisa, lililotoka 2021, linabeba terabaiti 18 kwa kanda moja, na tangu mwaka 2010 upo mfumo wa LTFS unaoifanya kanda isomeke kama diski ya kawaida. Mashine yake ni ghali, dola elfu kadhaa, na toleo la tisa linasoma kanda za toleo la nane na la tisa tu, kwa hiyo lazima upange kuhamisha kanda kila baada ya miaka kadhaa. Hata hivyo kanda iliyo kabatini haifikiwi na mtu aliyebofya vibaya.

Watu wa habari wenyewe wana pingamizi lao, nalo nalichukulia kwa uzito: kanuni zinachelewesha. Saa moja na nusu usiku hakuna wa kuomba ruhusa. Ni kweli, na ndiyo maana ruhusa zipangwe mchana. Picha ghafi zinazotoka kwenye kadi ziwekwe pahali ambapo kila mhariri anasoma na hakuna anayefuta. Miradi iwe pahali ambapo kila mmoja anaandika katika folda yake. Seva ipige picha ya hali yake kila saa, jambo ambalo NAS nyingi za sasa hufanya zenyewe, ili kilichofutwa saa kumi kirudishwe saa kumi na moja. Hakuna lolote kati ya haya linalomchelewesha mhariri hata sekunde moja.

Panapohitaji kuchelewa ni mahali pamoja tu, napo ni hifadhi inapojaa. Ikifika asilimia 90, mitambo mingi huanza kulegea na mtu lazima afute. Zamani BBC ilifuta kanda zake katika miaka ya 1960 na 1970 ili zitumike tena, na zaidi ya vipindi 90 vya tamthilia ya Doctor Who havijapatikana hadi leo. Ulikuwa uamuzi mbaya, lakini angalau ulikuwa uamuzi. Kwetu picha hufutwa na fundi wa zamu usiku kwa sababu terabaiti zimekwisha, naye hajui kama yale mahojiano ya dakika 40, ambayo habari ilitumia sekunde 20 tu, ndiyo ya mwisho ya mzee aliyehojiwa. Maktaba ya Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, ina kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, muziki na sauti za miongo iliyopita, zinazotafutwa na watafiti na wasanii mpaka sasa, na wengi wa waliozirekodi hawangeweza kujua ni zipi zitakazotafutwa. Kwa hiyo fundi asiachiwe ufunguo huo peke yake. Mtunza maktaba na mtayarishaji wakae kila Ijumaa na orodha ya kinachopendekezwa kufutwa, waandike majina yao chini yake, na hakuna kinachotoka kwenye diski kabla nakala mbili hazijaandikwa kwenye kanda, na moja kati yake haijachezwa tena ikasomeka kuanzia mwanzo hadi mwisho.